Ofisi ya msaada wa kisheria iliyotusikiliza kuhusu mkono wa binti yetu: nyota nne

Natoa nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu ya ngazi, simu isiyopokelewa, na kipindi kirefu tulichokaa bila kuambiwa lolote huku tukisubiri daktari wa kusoma faili. Nitafika huko. Lakini mzazi mwenzangu akiniuliza kama aende, nitamwambia aende kesho asubuhi, na asisahau kadi ya kliniki.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, kijiwe changu kipo Mbagala, Dar es Salaam. Jina la ofisi silitaji, na la hospitali silitaji. Shauri bado liko njiani, na wakili wetu alituomba tusianike majina wala picha ya mtoto mtandaoni. "Leo unaandika kwa hasira, kesho upande wa pili wanakusomea mahakamani," alisema. Itoshe kujua kwamba ni ofisi ya msaada wa kisheria, upande wa Ilala, imesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na haimtozi ada mtu asiye na uwezo. Cheti cha usajili kimetundikwa mapokezi, juu ya mtungi wa maji. Nilikisoma chote hadi mhuri, maana muda wa kukisoma ulikuwepo.

Binti yetu ni mtoto wa tatu. Alizaliwa usiku katika hospitali ya serikali, kwa njia ya kawaida, akiwa na kilo 4.4. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Alipotolewa, mkono wa kulia ulikuwa umelala ubavuni, umenyooka, umegeukia ndani, kiganja kinatazama nyuma. Vidole vilikuwa vinacheza, lakini bega na kiwiko havikusogea. Wodini tukaambiwa utakaa sawa. Mama mkwe akasema akandwe kwa maji ya moto, jirani akasema ni upepo mbaya. Kliniki ya wiki ya sita ndipo daktari mmoja kijana alipoandika kwenye kadi "Erb's palsy", yaani mkono kupooza kwa mishipa ya fahamu kuumia, na kutupa rufaa ya mazoezi ya viungo.

Kwa asiyejua: mishipa ya fahamu inayoendesha mkono hutoka shingoni na kupita chini ya bega. Kichwa cha mtoto kikiwa kimeshatoka na bega limenasa nyuma ya mfupa wa kinena cha mama, mishipa hiyo inaweza kuvutika, na ikizidi, kuchanika. Watoto wengi hupona wenyewe ndani ya miezi michache. Wengine hawaponi kabisa. Wetu alipofika mwezi wa tano alikuwa bado hawezi kupeleka ule mkono mdomoni, na hapo ndipo shemeji yangu alipotuletea mtu wake, "mwanasheria".

Mtu huyo alikuja nyumbani na begi la ngozi. Hakuomba kumwona mtoto, wala hakuuliza kadi. Alichouliza ni kama hospitali ni ya serikali au ya mtu binafsi. Kusikia ya serikali, akatabasamu. "Hii mteremko, kaka. Serikali ina hela. Tunadai milioni mia tano." Papo hapo akataka laki tatu ya kufungulia faili. Nilimuuliza namba yake ya uwakili, akasema ipo ofisini. Mawakili wa Bara wameorodheshwa kwenye mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili. Unaingiza jina kwenye simu, unaona kama mtu yupo na kama leseni yake ni hai. Jina lake halikuwepo. Mama watoto alimpa chai, akanywa, akaenda zake. Vishoka wa namna hii wanazunguka sana kwenye familia zenye mtoto mgonjwa, kwa hiyo namtaja kama sehemu ya tathmini hii: ndiye aliyenifanya nijue cha kulinganisha.

Sasa ofisi. Ipo ghorofa ya tatu na lifti haifanyi kazi. Hilo nalianza kwa sababu ndilo lilinikera mapema kuliko yote. Ofisi inayopokea kina mama waliobeba watoto wenye ulemavu haifai kukaa ghorofa ya tatu bila lifti. Tulipanda nyuma ya mama aliyembeba mgongoni kijana wa miaka kama tisa, miguu yake ikigonga kila ngazi. Nilijitolea kumsaidia, akasema, "Nimeshazoea, baba." Mapokezi wanajua tatizo hili, dada wa pale alisema ukipiga simu ukiwa chini mtu anaweza kushuka kukuhoji kwenye kibaraza cha jengo. Huduma nzuri, ila haijaandikwa popote. Na simu yenyewe, baada ya saa saba mchana, inaita mpaka inakata.

Kwenye benchi karibu wote walikuwa wa mirathi na viwanja. Mama mmoja alinigeukia akauliza, "Na wewe kaka, ni kiwanja?" Nikamwonyesha mkono wa mtoto. Akaushika, akautazama sana, akasema mjukuu wake alikuwa hivyohivyo na hakuna aliyewaambia kama kuna pa kwenda.

Mtu wa kwanza kutupokea alikuwa msaidizi wa kisheria, kijana mwenye fulana ya ofisi. Hawa kwa sheria hawasimami mahakamani. Kazi yao ni kukusikiliza, kukuelekeza na kukujazia fomu. Fomu inauliza kipato, makazi, unaishi na nani. Wanataka pia barua ya serikali ya mtaa inayosema huna uwezo wa kumlipa wakili. Mwenyekiti wetu aliitoa siku hiyohiyo, ingawa aliandika kwamba mimi ni "fundi simu". Hawakujali.

Kisha tukaingizwa kwa wakili, mwanamke wa makamo, mpole lakini hana porojo. Tukampa shikamoo, akaitikia, akamchukua mtoto akamweka mapajani mwake. Mimi nilishajiandaa kueleza jinsi tulivyodhulumiwa. Swali lake la kwanza likawa, "Mazoezi anafanyia wapi?"

Nikamwambia tumepewa rufaa lakini bado hatujaanza vizuri, nauli inabana. Akaweka kalamu chini. Akasema kesi inaweza kula miaka, mkono hausubiri kesi. Akaeleza kwamba watoto ambao kiwiko hakijaanza kukunja wanatakiwa waonwe na bingwa mapema, kwa sababu upasuaji wa mishipa, kwa wale wachache wanaouhitaji, hufanywa ndani ya mwaka wa kwanza, na ukichelewa misuli inakuwa imeshalala. "Mpelekeni mwezi huu. Msisubiri barua yangu." Akatutaka twende hospitali ya CCBRT, Msasani, na tulikwenda. Kule tulifundishwa kuunyoosha na kuuzungusha ule mkono kila anapobadilishwa nepi, bega lisigande, na bingwa akaona kiwiko kimeanza kujikunja kidogo kidogo, akasema kisu hakihitajiki kwa sasa. Kwa hilo peke yake, hata kesi ikifia njiani, mimi siidai ofisi ile kitu.

Halafu akanigeukia. "Baba, wewe ulikuwepo chumba cha kujifungulia?" Nikasema hapana, sisi huachwa getini na chupa ya chai. "Basi naomba mama asimulie mwenyewe."

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo nilipoiona kazi ya mtu anayeijua kazi yake. Mteja akiniletea friji lisilogandisha, sikimbilii gesi. Namuuliza lilianza lini, umeme ulikatika, nani alilifungua kabla yangu. Dada wakili aliuliza hivyohivyo, taratibu, bila kumwekea mke wangu maneno mdomoni. Uchungu ulianza saa ngapi? Ulifika hospitali saa ngapi, nani alikupima njia, alirudi tena baada ya muda gani? Mapigo ya mtoto yalisikilizwa mara ngapi? Kliniki walikupima sukari? Watoto waliotangulia walizaliwa na kilo ngapi? Kichwa kilipotoka na mwili ukagoma, walikwambia ukae vipi? Miguu yako waliiweka wapi? Kuna aliyekusukuma tumbo? Alisukumia wapi?

Mama watoto akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mmoja alipanda kwenye kigoda, akanisukuma hapa juu kwa mikono miwili," akashika chini ya mbavu zake. "Mwingine alikuwa anavuta."

Mimi hilo nililisikia mara ya kwanza pale, kwenye kiti cha plastiki, tumelala kitanda kimoja miezi mitano. Wakili hakuonyesha mshangao wala kupigia kelele kwamba hapo ndipo penye kesi. Aliandika, akamuuliza kama anataka kuendelea au tupange siku nyingine, akaniomba nitoke na mtoto kidogo. Niliporudi walikuwa wamemaliza, na mke wangu alikuwa amekaa wima kuliko alivyoingia.

Baadaye nilielezwa kwa nini lile swali la kusukuma ni zito. Bega likikwama, inavyofundishwa ni kumkunja mama mapaja yaje karibu na tumbo, na msaidizi kubonyeza juu kidogo ya mfupa wa kinena ili bega lishuke na kupita. Kusukumia juu kabisa ya tumbo kunalikandamiza bega palepale liliponasa. Lakini dada wakili alitahadharisha kwamba maneno ya mama ni ushahidi, na maneno ya wakunga nayo ni ushahidi, na kwamba mtu akiwa katika uchungu ule hukumbuka mambo kwa namna yake. Kinachotakiwa ni karatasi.

Na akasema jambo ambalo yule wa begi la ngozi asingelisema hata kwa dawa: mtoto kuumia si lazima kuwe uzembe. Mishipa hii inaweza kuvutika hata mkunga akifanya kila kitu sawa. Imetokea hata kwa watoto waliozaliwa kwa upasuaji. Bega kukwama mara nyingi hakutabiriki. Ili mahakama itoe fidia, lazima ionyeshwe kwamba waliokuhudumia walifanya chini ya kiwango ambacho mtaalamu wa kawaida wa kazi ile angefanya, na kwamba upungufu huohuo ndio uliomuumiza mtoto. Hilo la pili, alisema, ndilo linaloua kesi nyingi. Hospitali inaweza kuwa imekosea mambo kumi, na hata moja lisiwe limegusa mkono.

Akatutenganishia pia mambo ambayo kichwani mwangu yalikuwa kitu kimoja. Malalamiko dhidi ya daktari yanakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, na dhidi ya mkunga Baraza la Uuguzi na Ukunga. Huko wanaweza kumwonya mtu au kumwondolea leseni. Hela ya mtoto hawatoi. Fidia ni mahakamani, au kwa maelewano. Kwenda polisi hakutushauri, akasema tukiona kuna haja tutazungumza. Mke wangu alisema hataki mtu afungwe, anataka kujua kilichotokea. Wakili akaliandika hilo nalo, na nilipenda kwamba aliliandika.

Kazi ya faili ndiyo ilinionyesha thamani ya barua yenye kichwa cha ofisi. Mama watoto alikwenda mwenyewe kuomba nakala ya faili lake la leba, akaambiwa faili ni mali ya hospitali. Akarudi, akaambiwa anayehusika yuko likizo. Ofisi ikaandika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili safi, ikieleza kwamba mwenye taarifa ana haki ya kuzipata chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ikaambatanisha ridhaa yake yenye sahihi na kutaja tarehe ya mwisho ya kujibu. Kijana wa ofisi aliipeleka kwa mkono na kurudi na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Faili lilipatikana. Wanasema wenyewe kwamba mhuri wa "imepokelewa" una nguvu kuliko ukali, na nimewaelewa.

Sisi tulichokuwa nacho nyumbani ni kadi mbili, ile ya mama ya ujauzito na ile namba moja ya mtoto. Nilidhani ni za chanjo tu. Kumbe kadi ya mama ilikuwa inasema mambo: mtoto wetu wa pili alizaliwa na kilo 4.1, na nafasi ya kipimo cha sukari ilikuwa tupu mimba nzima. Mtoto mkubwa aliyetangulia, na kisukari cha mimba, ni dalili zinazojulikana za kumwangalia mama kwa makini zaidi. Kadi ilikaa kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati muda wote huo.

Sasa malalamiko yangu makubwa. Faili lilipopatikana, ofisi ilihitaji daktari wa wazazi wa kulisoma na kutoa maoni. Hapo tukagota. Wakili alikuwa mkweli: madaktari wengi hawako tayari kuandika dhidi ya mwenzao, nchi hii wanajuana, wamesoma pamoja, na kesho watapeana rufaa. Wa kwanza alikubali akajitoa. Wa pili alikaa na faili muda mrefu bila neno. Haya yote tuliyajua baadaye. Wakati yanatokea hakuna aliyetupigia. Tulipokwenda kuuliza tukakuta kijana wetu wa fulana amehamishiwa mkoa mwingine, na aliyempokea anatuuliza, "Nyie ni wa kiwanja cha Chanika?" Ofisi inayohudumia watu bure ina mafaili mengi kuliko mikono, naelewa. Lakini ujumbe wa simu wa maneno manne, "bado tunatafuta daktari, vumilieni," haugharimu kitu. Mimi mteja asipopata simu yangu siku mbili anahamia kwa fundi mwingine.

Daktari aliyepatikana hatimaye alisoma kwa kujitolea, akaandika kurasa mbili. Zilikuwa kwa Kiingereza, na dada wakili alitusomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari, akichora bega na nyonga nyuma ya bahasha. Na hapa ndipo nilipoanza kuelewa alichotuambia siku ya kwanza.

Kwenye faili kuna karatasi ya mistari inayoitwa patografu, ambapo mkunga anaandika mwenendo wa uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kuandikwa kila nusu saa. Ya kwetu ilikuwa na vidoti vizuri mpaka saa tano usiku, halafu nyeupe. Hakuna kitu mpaka mtoto anazaliwa saa tisa na dakika kadhaa. Nilipoiona ile nafasi nyeupe damu ilinichemka, nikasema basi, tumewapata. Daktari aliandika kwamba pengo lile ni kosa, tena kosa baya, lakini halikuumiza mkono. Mtoto alilia haraka, alama za hali yake alizopewa dakika ya kwanza na ya tano baada ya kuzaliwa zilikuwa nzuri, na hana dalili ya kukosa hewa kwenye ubongo. Angekuwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ukurasa ule ungekuwa moyo wa kesi. Kwetu sisi ni aibu ya hospitali, basi.

Kilichomgusa daktari ni sehemu nyingine niliyoipita bila kuiona: maelezo ya kujifungua yalikuwa na mstari mmoja tu. Bega lilikwama, mtoto akatolewa. Hakuna aliyeandika limekwama kwa dakika ngapi, nani aliitwa, miguu iliwekwaje, walibonyeza wapi, bega lipi lilikuwa mbele. Akaweka hilo pamoja na kadi tupu ya sukari, mtoto wa kilo 4.1 aliyetangulia, na maelezo ya mama kuhusu kusukumwa juu ya tumbo, akasema kuna hoja ya kujibiwa, ingawa hospitali inaweza kujitetea kwamba hakuna kilichotabirika. Dada wakili akafunga bahasha. "Si kesi ya mteremko, na si kesi ya kutupa. Ni ya katikati. Mnataka tuendelee?" Mke wangu ndiye aliyejibu.

Kwa kuwa hospitali ni ya serikali, huwezi kuamka tu ukafungua kesi. Kwanza unatoa notisi ya siku 90, ukieleza madai yako, na nakala inakwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 hata madai dhidi ya halmashauri yanafuata njia hiyo, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Kesi yenyewe inafunguliwa Mahakama Kuu. Mtoto ndiye mdai, akisimamiwa na mtu mzima, kwetu ni mama yake. Na ikitokea maelewano, hatuwezi kusaini tu na kuchukua hela: mahakama lazima iridhie kwanza, kwa sababu haki ni ya mtoto, si ya baba mwenye madeni ya vipuri. Hilo nililipenda ingawa linanihusu.

Kuhusu muda, wengi huambiwa "mmechelewa" au "bado mna miaka mingi", na yote mawili yanaweza kupotosha. Madai ya namna hii kwa kawaida yana miaka mitatu. Kwa mtoto, sheria ya ukomo inamhesabia kuanzia anapotimiza umri wa utu uzima. Lakini madai ya wazazi wenyewe, yaani gharama tulizotoa mifukoni, hayana hisani hiyo. Tena wakili alitukumbusha kwamba mkunga anahama, daktari anakwenda kusoma, faili linaliwa na mchwa. Nenda mapema.

Na risiti. Gharama ulizotoa lazima uzitaje moja moja na kuzithibitisha; mahakama haikadirii kwa huruma. Nikamuuliza, dada, bodaboda wa Mbagala anatoa risiti? Akacheka, akasema nunua daftari. Tarehe, ulitoka wapi, ulikwenda wapi, ulilipa nini, nani alikuwepo. Kile chenye risiti kibandike. Muda niliofunga kijiwe nao unaandikwa. Maumivu ya mtoto na maisha yake ya mbele ni fidia ya aina nyingine, hiyo jaji huipima mwenyewe. Daftari letu limeshapinda kona kwa kushikwa, na mke wangu ndiye karani. Mwandiko wangu ulikataliwa.

Gharama ya huduma: ushauri, barua, notisi, vyote bure kweli. Hakuna aliyeniomba "ya soda". Tulilipa nakala za karatasi, shilingi 100 kwa ukurasa, jengo la jirani, na nauli zetu. Jambo moja waliweke wazi mapema zaidi: walichukua muda kutuambia kwamba wao wana wakili wa kuandaa notisi, lakini kwenda Mahakama Kuu kunategemea kama wakili wa kujitolea atapatikana. Tuliambiwa karibu na mwisho. Amepatikana, lakini ningependa kulijua hilo siku ya kwanza, kabla mke wangu hajaanza kuhesabu.

Kwa atakayekwenda: usiende Ijumaa mchana, watu wachache na foleni haisogei. Fika kabla ya saa mbili. Beba kadi zote mbili, karatasi ya ruhusa ya hospitali, cheti cha kuzaliwa au tangazo la kizazi, barua ya serikali ya mtaa, na nakala mbili za kila kitu. Halisi usimwachie mtu yeyote, hata wao wenyewe watakurudishia. Aje aliyezaa, si kaka yake wala mume wake peke yake. Kama mtoto ni mzito kubebwa, piga simu ukiwa chini, na upige asubuhi. Chai na chapati zipo kwa mama wa kibarazani, na mtoto akilia anakupokea.

Notisi yetu imepokelewa, mhuri upo. Siku 90 zinaisha mwezi ujao. Hospitali imeandika barua fupi kwamba suala linashughulikiwa. Binti anakunja kiwiko mpaka usawa wa kifua, kijiko bado anashika kwa kushoto. Likitokea jipya nitaongeza hapahapa.